Kipoza hewa cha maji kinafaa kwa fukuto la Dar, au tutatupa hela?

MamaNuru_Tandika

Habari zenu wana jukwaa. Naomba mawazo kabla ya Jumamosi, maana mume wangu ameshasema Jumamosi tunaenda Kariakoo na hela mkononi, na mimi moyo unasita.

Tumepanga chumba kimoja Tandika, futi kumi kwa kumi na mbili. Juu ni bati tupu, hamna siling bodi. Ukuta ni tofali za saruji, dirisha ni moja na linatazama uani. Upande wa pili nyumba ya jirani imetubana, hata kuku hapiti. Joto hili la tangu Krismasi mpaka sasa Februari silielewi. Mchana nakaa nje na majirani chini ya mwembe, siku inasogea. Usiku ndio shida. Saa tano usiku ukishika ukuta wa magharibi bado una moto, utadhani kuna mtu anakaanga chapati upande wa pili. Shuka linalowa. Nguo zikikosa jua la mchana zinalala mbichi na asubuhi zinanuka. Chumvi kwenye kopo imekuwa tope.

Mtoto ana miezi minne, shingo na mgongo vimejaa harara. Analia hadi tunabadilishana zamu ya kumpepea na kipande cha boksi. Baba yake anaendesha bajaji, akirudi anatandika mkeka barazani analala huko na mbu wake. Mama mkwe anasema mtoto ana kiu, nimpe maji kidogo kidogo kwa kijiko.

Sasa kuna duka wamemwonyesha mume wangu mashine ya kupoza hewa. Unaweka maji kwenye tangi, unaweka na barafu, inapuliza ubaridi. Muuzaji kamwambia inakula umeme kama feni tu, wala haihitaji fundi wa kutoboa ukuta. Bei laki mbili na themanini. Pale dukani alisimama mbele yake akasikia baridi kweli. LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, tunachangia wapangaji wote, kwa hiyo kiyoyozi chenyewe hatuwezi hata kukiota.

Mwenye kuitumia Dar aniambie ukweli. Sio wauzaji tafadhali.

Kaka_wa_Chang'ombe_Dom

Nunua dada, usisite. Mimi niko Dodoma, ninayo. Ile Septemba na Oktoba kabla mvua hazijaanza, vumbi na jua kali, ukiwasha hiyo kitu unajifunika shuka. Umeme wake hauumizi hata kidogo. Wanaosema mbaya hawajui kuitumia.

FundiBarafu

MamaNuru, usinunue. Na huyo kaka wa Dodoma hasemi uongo. Kila mmoja anaongea kutoka alipo, ndio maana nimeamua kuandika kwa kirefu, naona swali hili linarudi kila kaskazi, msimu huu wa joto, na watu wanaliwa hela.

Mimi ni fundi wa majokofu na viyoyozi, mtu wa Tanga ila Dar ndiyo imenizeesha. Nimefunga AC tangu zile za dirishani zilizokuwa zinanguruma usiku kucha. Vipoza vya maji nimeletewa mezani vingi sana, na robo tatu ya vile nilivyoletewa havikuwa vibovu. Mteja anasema "fundi, haipoozi." Nafungua, pampu inasukuma maji, feni inazunguka, kila kitu kizima. Mashine haina ugonjwa. Imeletwa tu mahali ambapo haiwezi kufanya kazi.

Maji yanapokauka yanaondoka na joto. Hilo unalijua, ndiyo kazi ya mtungi wa udongo, na ndiyo kazi ya jasho lako. Lita moja ya jasho ikikauka yote inaondoka na joto linalolingana na theluthi mbili hivi za unit moja ya umeme. Ni nyingi. Ila neno zito hapo ni "ikikauka". Jasho linalodondoka sakafuni au kunywewa na shuka halijakupunguzia chochote, umepoteza maji na chumvi bure. Na ili likauke, lazima hewa iwe na nafasi ya kulipokea.

Pwani mwezi huu nafasi hiyo ni finyu. Alasiri Dar ni nyuzi 32 hivi na unyevu asilimia sitini na kitu. Usiku joto linashuka mpaka 26 au 25, ndipo unyevu unapopanda kupita asilimia themanini. Mvuke ni uleule wa mchana, ila hewa iliyopoa kidogo inaweza kubeba kidogo zaidi, basi imekaribia kujaa. Kipoza cha maji hakiwezi kushusha hewa chini ya kiwango kinachofikiwa na kitambaa kibichi kikipepewa mpaka kikaacha kupoa zaidi. Dar alasiri kiwango hicho ni kama nyuzi 26, na mashine ya dukani haifiki huko, inaishia 27 au 28, hewa yake ikiwa imelowa chepechepe. Usiku ndiyo hamna kabisa. Dodoma Oktoba, hewa ya nyuzi 30 na unyevu wa asilimia thelathini na tano, kitambaa kile kinashuka mpaka karibu 20. Hapo kaka lazima ajifunike shuka. Aiwashe sasa hivi Februari wakati kwao mvua zinanyesha, atuambie.

Ila la chumbani kwako ni baya zaidi. Mashine hizi hutumia kama nusu lita ya maji kwa saa, nyingine zaidi. Chumba cha futi kumi kwa kumi na mbili, hewa yake yote ikijaa mvuke pomoni, inabeba kama lita moja tu. Na tayari imeshabeba sehemu kubwa ya hiyo. Kwa hiyo unafunga dirisha ubaridi usitoke, na ndani ya saa moja umegeuza chumba kuwa bafu. Jasho lenu halina pa kwenda. Harara ya mtoto itazidi. Siku zikisogea ukungu unaota nyuma ya kabati na nguo za sikukuu zinaharibika. Hayo nimeyaona kwenye nyumba za watu wenye hela kuliko mimi na wewe.

Barafu je? Barafu ni kweli inapoza, hapo hamna ujanja. Ila kilo mbili za barafu zikiyeyuka zote zinameza joto ambalo mtu mzima mmoja aliyelala analitoa mwilini kwa saa mbili na kidogo. Ninyi ni watatu, na juu kuna bati. Dukani mumeo alisimama nusu mita mbele ya mashine yenye barafu mpya, tena dukani kuna kiyoyozi kinachokausha hewa. Hata mimi ningesikia baridi.

Usiniamini mimi. Pima mwenyewe leo. Loweka kanga, ikamue, itundike chumbani saa tatu usiku dirisha likiwa wazi kama kawaida yenu. Asubuhi iguse. Ikiwa bado mbichi, ndivyo itakavyokuwa kwa maji ya hiyo mashine.

Sasa ufanye nini. Maoni yangu: hela yako ipeleke juu, kwenye bati, halafu inayobaki iende kwenye upepo.

Kwa nini juu? Kwa sababu ya jua lenyewe. Dar mwanzoni mwa Machi jua la adhuhuri linapita utosini kabisa, kivuli chako unakikanyaga. Jua la utosini haligusi sana kuta, linapiga bati, kama wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Paa la chumba chako ni mita za mraba kumi na moja hivi. Hesabu mwenyewe. Bati likishapata moto linawamwagia joto chini kutwa nzima, na kuta za saruji zinalinywa na kuwarudishia usiku. Bati lenyewe likikosa jua linapoa haraka, ni jembamba. Tofali ndizo zenye kinyongo, hasa ule ukuta wa magharibi unaopigwa na jua la alasiri. Huo usiuachie jua. Turubai kuukuu, makuti, hata kutundika nguo za kuanika upande ule saa nane mpaka magharibi, unasaidia.

Bati lipakwe rangi nyeupe ya maji, ni jambo la mwenye nyumba lakini si ghali kama watu wanavyodhani. Chini yake iwekwe siling. Siling yoyote, hata ya mbao nyembamba, ila pale juu ya ukuta chini ya bati pawe na uwazi wa kutoa hewa ya moto, uzibwe na wavu wa mbu. Ukiziba kila upande umejenga oveni ya ghorofa.

Halafu feni. Kuna watu wanasema feni inazungusha joto tu. Dar si kweli. Ngozi ya mtu ni nyuzi 35 hivi, hewa yako ya usiku ni 28 au 29 ndani, upepo wowote unaopita juu ya ngozi unakutoa joto na unasaidia jasho kukauka. Feni ya kawaida ni wati 60. Usiku mzima saa kumi ni unit 0.6. Hizo mnaweza kuchangia bila ugomvi. Chandarua kinakata upepo, kwa hiyo usitegemee pangaboi peke yake. Weka feni ya kusimama usawa wa godoro, karibu na chandarua. Ukipata ya pili, jioni iweke dirishani ikitazama nje, ifukuze hewa ya moto, mlango ukiwa wazi ili ya uani iingie. Ikipita saa nne usiku igeuze.

Mwenye uwezo wa kiyoyozi naye asikie: lile bomba jembamba linalodondosha maji nje ndilo kazi yenyewe. Weka ndoo uone inajaa kwa muda gani, maji yale yote yalikuwa hewani chumbani kwako. Watu wanaweka 16 kisha wanalala na blanketi, wanalipa kwa ujinga. Weka 26, washa na pangaboi taratibu, utalala kama mtoto wa tajiri. Kwenye chumba cha bati bila siling msifunge AC, nitawaambia hivyo hata kama mnanipa kazi.

BintMatrah

Assalaam aleikum. Fundi kasema kweli tupu, nami naongeza la huku Maskati, Omani, maana kila mwaka ndugu zetu wa Dar na Unguja wakija mwezi wa Juni wanasema "sie joto tumelizoea." Hawamalizi wiki.

Mwaka 2018, tarehe 26 Juni, mji wa Quriyat hapa jirani yetu ulikaa usiku na mchana bila joto kushuka chini ya nyuzi 42.6. Hilo ndilo lilikuwa la chini kabisa kwa saa ishirini na nne, la alfajiri! Watu waliandika dunia nzima. Lakini mie ukiniuliza, siku ninazoziogopa si hizo. Siku za upepo wa kavu wa bara unaungua midomo lakini jasho linakauka. Ninazoziogopa ni zile pepo zinapogeuka zikatoka baharini, na bahari yenyewe ni ya uvuguvugu, nyuzi thelathini na zaidi. Kipimo kinasoma 36 tu, mtu wa mbali anasema afadhali. Ukitoka mlangoni miwani inafunga ukungu, hapo hapo huoni. Vioo vya nyumba vinatoka jasho kwa nje. Nikimaliza kuegesha gari na kufika mlango wa skuli ninapofundisha, buibui limeniganda.

Maji ya bomba mchana hayashikiki kwa kuwa tangi liko darini juani. Sie tunafanya hivi: kiangazi chote tunazima hita ya bafuni, ile ya ndani ya nyumba, maji yake yanakaa na ubaridi wa nyumba. Basi ukitaka maji ya baridi unafungua bomba la moto. Wageni hucheka, kisha nao hufanya.

Vipoza vya maji vipo huku, utaviona kwenye mabaraza ya mikahawa. Siku za kavu vinafaa sana. Siku za unyevu mwenye mkahawa anavizima mwenyewe, wateja wanamkimbia.

Na kazi za juani serikali imezipangia. Juni mpaka Agosti vibarua wa nje hawaruhusiwi kufanya kazi kuanzia saa sita na nusu mchana mpaka saa tisa na nusu. Mume wa MamaNuru hana wa kumkataza, kwa hiyo ajikataze. Abiria wa saa saba mchana waache wengine.

Mamangu alizaliwa Unguja, nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe, kuta nene za matumbawe. Hukaa mbele ya kiyoyozi hapa analaumu kuwa hewa yake ni ya kopo. Ila wenye nafasi Julai hukimbilia Salalah, kusini mwa nchi, huko manyunyu na majani ya kijani wakati sie tunaungua. Nasi mwaka huu inshaallah.

Nesi_wa_Zamu

Nimesoma yote, najibu la mtoto tu.

Mtoto wa miezi minne asipewe maji, hata kijiko. Mpaka miezi sita ni maziwa ya mama peke yake, na ndani ya maziwa hayo maji yapo ya kutosha hata kwenye joto hili. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, hata akinyonya kidogo kidogo. Anayetakiwa kunywa maji ni wewe. Mama mkwe mwambie kwa heshima kwamba nesi amekataza, tupia lawama kwangu.

Harara: muogeshe maji ya kawaida bila sabuni nyingi, mkaushe kwa kugusagusa, mwache na nepi tu au kishati chepesi cha pamba. Usimpake mafuta mazito, yanaziba vitundu vya jasho. Poda usinyunyize, anaivuta kifuani. Feni isimpige usoni moja kwa moja, lakini hewa ipite. Na msifunike chandarua kwa kanga eti mwanga usimsumbue, mnamfungia joto humo ndani. Chandarua chenyewe msikitoe.

Mlete kituoni haraka akiwa na homa, akikataa kunyonya, akilegea na kulala kupita kawaida, utosi ukibonyea, au nepi zikikaa kavu kwa muda mrefu.

Baba: akisikia kichwa, kichefuchefu, misuli kukaza, apaki kivulini, anywe maji, na chumvichumvi za pakiti achanganye kwenye lita moja ya maji safi kama ilivyoandikwa. Ila akianza kuongea ovyo au kupepesuka na mwili ni wa moto, awe anatoka jasho au la, huo si uchovu. Mmwagieni maji mwili mzima na kumpepea hapohapo mlipo, huku mwingine anatafuta usafiri wa hospitali. Msingoje kwanza afike hospitali ndipo apoozwe.

MamaNuru_Tandika

Fundi shikamoo. Na wote nawashukuru sana.

Kanga nimetundika jana saa tatu usiku. Asubuhi saa kumi na mbili nilipoamka kunyonyesha bado ilikuwa mbichi, tena imeanza kunuka. Nimempa mume wangu aishike mwenyewe, sikusema neno. Kariakoo haendi, ila sasa anataka hela irudi kwenye tairi la bajaji, ndiyo vita mpya.

Mwenye nyumba nimemgusia siling na rangi. Kasema bati ni lake, akiweka siling kodi inapanda. Mimi kama mpangaji nifanye nini kwa hela ndogo? Kuna jirani kashona viroba vya sandarusi akatandaza chini ya bati, kwake kweli pana nafuu. Ni salama?

FundiBarafu

Marahaba mwanangu.

Viroba vinasaidia kwa sababu vinakukinga na bati, joto halikumwagikii moja kwa moja. Ila sandarusi inashika moto kirahisi na ikiyeyuka inadondoka. Kama waya za umeme zinapita huko juu, na kwa nyumba zetu za kupanga lazima zinapita tena zimeungwa kwa mkono, usiweke. Mwite fundi umeme kwanza azipitishe ukutani kwenye bomba la plastiki. Afadhali mikeka ya ukindu au ya milala, iachie nafasi ya shubiri moja au zaidi na bati, ncha mbili ziwe wazi hewa itembee. Hata hiyo inashika moto, basi mshumaa na dawa ya mbu ya kuchoma visiwe chini yake. Ukihama unaikunja unaondoka nayo, mwenye nyumba abaki na bati lake.

Ukuta wa magharibi anza nao kesho, haugharimu. Na kitanda kisigusane nao.

Feni, tafuta ya kusimama yenye panga kubwa, iliyotumika sawa, mradi uizungushe kwa mkono ikiwa imezimwa: ikizunguka laini na kusimama polepole, bushi nzima. Ikikwama, achana nayo. Mbili za hivyo na mikeka, utabaki na hela ya tairi.

Halafu jiandae na Machi. Kaskazi ikichoka na kusi haijaingia, yale maleleji, upepo unakufa kabisa siku kadhaa mpaka masika ishike. Hapo mume akisema mlisema joto litapungua, mwambie bado.

Kaka_wa_Chang'ombe_Dom

Haya fundi, nimekuelewa. Jana nimeiwasha yangu mvua ikinyesha nje. Imenipulizia hewa ya stoo ya viazi. Nimeizima.

Ila Septemba nitakuwa Dar kwa harusi. Kama kuna mtu kauziwa kipoza na kimemshinda, aniuzie kwa bei ya hasara, shemeji yangu huku anakitaka.

FundiBarafu

Mkononi mwangu vipo vitatu, wenyewe wamevikimbia. Ukija, kabla ya kulipa fungua mgongo uangalie yale maboksi ya karatasi yanayolowa maji. Yakiwa na ukungu mweusi usivute hewa hiyo, yatupe ununue mapya, halafu tangi ulioshe kwa dawa ya madoa na kulisuuza vizuri. Na ukishafika Dodoma fungua dirisha unapokiwasha. Nacho kinahitaji pa kutolea pumzi.